Kukata Sawa na Kukata kwa Haki

Sisi tunaoishi Harrow tuna sababu ya kuitazama picha kwa jicho la kuuliza. Kodak ilifungua kiwanda chake hapa mwaka 1891, kikatoa filamu na karatasi za picha kwa zaidi ya karne, hadi kilipofungwa mwaka 2016. Wengi wetu tunazo albamu za harusi ambamo bwana harusi ni meno na kola ya shati tu. Uso umezama gizani. Tulimlaumu mpiga picha, kumbe kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley.

Leo filamu imeipisha kompyuta. Je, kosa nalo limeondoka?

Vijana wetu wanaoandika programu za picha wanatueleza kwamba rangi hukokotolewa kwa desimali kati ya 0 na 1, kisha hugeuzwa namba nzima kati ya 0 na 255, ili itoshe katika baiti moja. Tuchukue viwango viwili vya mwanga hafifu, 0.001 na 0.0019. Cha pili kinakaribia kuwa mara mbili ya cha kwanza. Zidisha kila kimoja kwa 255, kisha chukua namba nzima iliyo karibu: vyote viwili ni 0, weusi mtupu. Lakini ukipitia kwanza kanuni ya sRGB, iliyopendekezwa mwaka 1996, ambayo hulitengea giza hatua nyingi zaidi, unapata 3 na 6. Baiti ni ileile. Kilichobadilika ni mgawo.

Mtu atasema hesabu haina ubaguzi, imekata wote sawa. Ni kweli, na hapo ndipo penye swali. Tofauti ya 0.0009 ikipotea kwenye shavu linalong'aa, hakuna atakayeiona. Ikipotea kwenye kivuli cha uso mweusi, sura nzima imekwenda. Aliyekata hakumchukia yeyote, lakini kipimo alikichagua yeye, na hakutazama haba zinaangukia upande gani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba zikitupwa daima upande mmoja, kuna kibaba kisichojaa kamwe.

Tusiwasute watu wa kompyuta peke yao. Sisi wenyewe, ukitokea msiba, hutangaza pauni 20 kwa kila nyumba na kujiona tumetenda usawa. Mwenye ofisi hatoi hata jasho. Mama anayefanya usafi usiku na kulea watoto watatu peke yake anakopa. Asipoleta, jina lake husomwa mbele za watu.

Kabla ya kukata, basi, tutazame kwanza penye giza. Huyo mama naye ana sura.