Kijana Aliyefia Ng'ambo

Katika mwaka 1944 askari wa Keya waliotoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Walishuka bonde la Kabaw katika mvua, matope na homa, hata mwezi wa Desemba wakauvuka mto Chindwin. Waliokufa walizikwa kule kule, wala hakuna mama aliyetia udongo katika kaburi la mwanawe.

Ndugu wasomaji, je, tuna deni kwa kijana wa namna hii? Wako wasemao kwamba hatuna. Husema, Maiti hasikii, na Mungu amjua kwa jina lake. Basi sisi tukimtaja twamwongezea nini? Neno hili lina nguvu, wala hatulidharau. Lakini si kila deni lamfaa anayedai. Mtu akimwahidi babaye aliye karibu kufa, ahadi haizikwi pamoja na mzee. Tena yaliyo kweli juu ya mtu hayakomi siku ya kufa kwake: aliishi, aliitwa jina fulani, alitumwa, hakurudi. Mwenye kuyafuta hayo amdhulumu, ingawa mwenyewe hasikii.

Na dhuluma hiyo imekwisha kutendeka. Katika vita vya 1914 hata 1918 wapagazi wetu walikufa kwa maelfu mengi, hasa kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa wengine wa zamani zile walidhani kwamba Mwafrika hana haja na jiwe la kaburi! Kule Dar es Salaam watu hununua ndizi na samaki Kariakoo kila siku, na neno hilo latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Jina la kikosi limebaki midomoni, wenyewe wamepotea. Waliofia Burma walitendewa vema zaidi: huko Taukkyan, karibu na Rangoon, yamechongwa majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana, na ya Waafrika yamo.

Lakini twaona hatari nyingine, nayo ni sifa. Kumkumbuka kijana si kuisifu vita. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine kwa ajili ya mshahara, wengine kwa kusukumwa na machifu. Tukiwafanya wote mashujaa wa namna moja, twamwacha mtu na kushika sanamu. Mama hakulilia shujaa. Alimlilia mwana aliyekuwa mvivu wa kuchota maji na mwepesi wa kucheka. Naye Mjapani aliyeanguka mbele ya bunduki ya mwana huyo alikuwa na mama vilevile, na kumbukumbu isiyoweza kustahimili neno hilo ni majivuno tu.

Wazee waliowasindikiza vijana wale wamekwisha karibu wote. Aliye na jina la namna hiyo katika ukoo wake na aliandike katika Biblia ya nyumbani, penye majina ya watoto, pamoja na mwaka na kijiji alichotoka, na akiwapo ajuaye, chakula alichokipenda.