Je, Kunyamaza ni Uongo?

Chini ya pampu ya maji ya motakaa mna tundu dogo. Waundaji waliliweka kwa kusudi, ili sili ya ndani ichakaapo, maji yatoke nje yaonekane, yasiharibu beringi. Pampu yangu ilipodondosha, rafiki alinishauri, "Lizibe, kisha uza gari." Nalifikiri usiku kucha. Mnunuzi angepanda mlima na watoto wake, injini ichemke njiani.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, nalikinga maji ya rejeta katika karai (yenye dawa ni matamu, nayo ni sumu; mbwa huyanywa), nikafunga pampu mpya, nikajaza polepole hewa itoke.

Fedha ile ilikuwa karo ya binti yangu. Alikaa nyumbani muhula mzima, wala hajaniuliza neno.