Deni Halina Pepo, Lina Mwenyewe

Siku hizi kila shida imepewa roho yake. Mtu akikosa kazi, ni roho ya kukataliwa. Biashara ikiyumba, ni roho ya umaskini. Ndoa ikiingia baridi, basi kuna jambo kwenye madhabahu ya ukoo, na bibi aliyekufa zamani anatajwa kwenye kipaza sauti kana kwamba hakuwahi kumpikia mjukuu wake uji. Hivi karibuni nimesikia ikikemewa roho ya madeni. Ilikemewa kwa nguvu kweli, jasho likamtoka mkemeaji, na watu wakaanguka. Nikabaki najiuliza: na anayedai naye atafanywaje? Maana deni si pepo. Deni lina mwenyewe, ana jina, na mara nyingi anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Nisieleweke vibaya. Nimekulia katika nyumba ambayo chakula hakiguswi kabla ya sala, na mpaka leo nikisafiri mama huniombea kwa simu kabla basi halijatoka stendi. Wala siandiki haya kuhubiri habari ya sala na kazi, kaulimbiu ya Wabenediktini ambayo wenzetu wa Peramiho na Ndanda wameisikia kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtanzania wa kawaida hahitaji kuambiwa afanye kazi. Mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi samaki Feri hana upungufu wa bidii. Ninachokisema ni kitu kidogo zaidi, na kigumu zaidi: lile jambo ambalo mtu anajua kabisa kuwa ni lake kulifanya, lakini analizunguka kwa maombi.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya saba, kuna kisa ambacho sikisikii sana kwenye mikesha, na naelewa kwa nini. Waisraeli wametoka kuiangusha Yeriko na vichwa vimepanda. Wanatuma watu kama 3,000 tu kuuteka mji mdogo wa Ai. Wanatimuliwa, na 36 wanauawa. Yoshua anafanya kile ambacho kiongozi yeyote wa dini angefanya: anararua mavazi yake, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la agano pamoja na wazee, wamejitia mavumbi vichwani, wanaomba mpaka jioni. Ungedhani Mungu atapendezwa. Badala yake anamkatiza. Anamwambia ainuke, anamuuliza amelalia nini pale chini, kisha anamweleza kwamba kambini kuna mali iliyoibwa. Kumbe muda wote ambao wazee wamelala mavumbini, ndani ya hema la mtu mmoja aitwaye Akani, chini ya udongo, limefukiwa joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu.

Mwisho wa Akani unatisha, na siuleti hapa kumtishia mtu. Ninachokitazama ni yale maombi yaliyokatizwa. Yoshua hakuwa mnafiki, hakujua. Sisi mara nyingi tunajua. Hema ni letu, na shimo tulichimba wenyewe.

Nimeliona jambo hili kwa macho katika jumuiya yetu. Ibada za nyumba kwa nyumba kwetu ni alfajiri ya Jumamosi, viti vya plastiki vimekusanywa kutoka kwa majirani, na baada ya neno huwa tunataja mahitaji ya kuombewa. Ukiyasikiliza mahitaji hayo kwa muda mrefu utagundua kwamba karibu yote yanamhusu mtu mwingine. Mume aache pombe. Bosi alainike moyo. Wifi arudi kwake. Kijana aliyeko chuo asiharibiwe na marafiki. Ni mahitaji ya haki kabisa, sina ugomvi nayo. Ila ni nadra sana kumsikia mtu akijitaja yeye mwenyewe kuwa ndipo penye shida.

Asubuhi moja mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga alisema anaomba aombewe amani, kwa sababu ana deni la jirani yake, shilingi 80,000, na kwa muda mrefu amekuwa akipita njia ya nyuma, kule kwenye mtaro, asije akakutana naye. Watu wakaanza kusogeza viti wapige magoti. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, akainua mkono.

"Mama, hapo ulipo una shilingi ngapi?"

"Ninayo elfu ishirini, baba. Ya mihogo ya leo."

"Mihogo ya leo inataka ngapi?"

"Nikibana, kumi na mbili inatosha."

"Basi hiyo nane mpelekee sasa hivi, na hizo zilizobaki mpatane utazilipaje. Nenda tu, sisi tunakusubiri. Tutaimba."

Akaenda. Tukaimba, mwenye nyumba akaleta chai ya tangawizi, tukaimba tena. Aliporudi hakuwa analia wala hakuwa na ushuhuda wa kusimulia. Alisema tu, "Kazipokea. Kasema nimpe elfu tano kila Jumamosi." Mzee akasema, "Haya, sasa tuombe."

Wapo walioona kwamba mzee alimdhalilisha. Mmoja aliniambia njiani kuwa mambo ya fedha hayazungumzwi mbele za watu, na ana hoja. Mimi mwenyewe ningependa aitwe pembeni. Lakini mzee hakubuni kitu kipya. Yesu katika mahubiri yake ya mlimani alisema kwamba ukiwa umeshafika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka palepale, uende mpatane kwanza, ndipo urudi kutoa. Tazama nani ana neno juu ya nani hapo. Hakusema ukikumbuka kwamba wewe una neno juu yake. Sisi tumeligeuza: tunakwenda madhabahuni kushitaki waliotukosea, na tuliowakosea tunawaacha nyumbani. Yule mama, toka siku ile, anapita barabara ya mbele, na salamu anaitoa kwa sauti.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua hili vizuri. Uamsho wa Afrika Mashariki uliotapakaa miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, palipokuwa na hospitali ya misheni, kwenda Uganda, Burundi, Kenya na kuingia Tanganyika kwa upande wa Bukoba, husimuliwa zaidi kwa nyimbo zake na machozi yake. Husimuliwa pia kwa namna daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walivyokutana Namirembe mwaka 1929, wote wawili wana kiu, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ni habari nzuri. Lakini kilichowashangaza majirani wasioamini, wale ambao hawakuwa na habari na ndoto wala maono, ni watu kurudisha vitu. Mtu anabisha hodi mchana kweupe na kitu ulichosahau kwamba kiliibwa, anakwambia ni yeye. Mfanyakazi anakwenda kwa mwajiri wake kukiri alichochukua. Hata wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi chao na ubaguzi wao, jambo ambalo katika ukoloni wa wakati ule halikuwa dogo.

Uamsho ule ulikuwa na kasoro zake. Baadhi ya maungamo ya hadharani yalivuka mpaka wa staha, na wapo ndugu waliogeuka askari wa kukagua nywele na mavazi ya wenzao. Hayo siyatamani. Ninachokitamani ni ile asubuhi ya siku ya pili, mtu anapotoka na kitu mkononi kwenda kwa mwenyewe. Tumeirithi mikesha tukaiacha asubuhi.

Ndiyo maana nikisikia mtu amebadilika, masikio yangu hutafuta hesabu. Zakayo aliposimama mbele ya Yesu pale Yeriko hakusema anajisikia mtu mpya. Alitaja viwango: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hiyo mara nne ina chimbuko. Torati ilimtoza kiasi hicho mtu aliyeiba kondoo kisha akamchinja au akamuuza. Mtoza ushuru tajiri, mwenye kibali cha serikali ya Kirumi, alijihukumu mwenyewe kwa kifungu cha wezi wa mifugo. Huko ndiko kubadilika, na ndiyo sababu hatukupendi. Kutikiswa na wimbo hakumgharimu mtu kitu. Kurudi kwa fundi uliyemkana hesabu yake, ukasema "ile kazi ulinidai kweli", kunauma hasa.

Hapa najua swali linalokuja, na ni la haki. Je, huku si kumwongezea maskini mzigo? Yule mama wa mihogo amekopa kwa sababu ya shida, na mtaani kwetu wamejaa wakopeshaji wa mikopo ya kausha damu wanaobeba godoro na friji ya mtu akichelewa rejesho moja. Utamwambia nini huyo, kwamba awajibike?

Ningemsomea Nehemia sura ya tano. Nehemia tunamkumbuka kwa ukuta wa Yerusalemu uliokamilika kwa siku 52, na wahubiri wanampenda kwa sababu aliomba na pia akaweka walinzi. Kinachorukwa ni kwamba katikati ya ujenzi, maadui wakiwa bado nje, kulizuka kilio ndani. Maskini walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, na baadhi ya watoto wao walikuwa wameshaingizwa utumwani kwa ajili ya madeni. Waliokuwa wakiwakamua ni ndugu zao, watu wa imani moja, wanaojenga ukuta mmoja. Nehemia hakuitisha maombi ya kuvunja laana ya umaskini juu ya wadaiwa. Aliitisha mkutano, akawakabili wakopeshaji, akawataka warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, na riba waliyotoza. Tena alijitaja mwenyewe: yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha watu fedha na nafaka. Uwajibikaji ulianza kwa mwenye daftari la madeni, si kwa anayedaiwa.

Kwa hiyo swali la uwajibikaji nalipeleka kwanza kwa wenye nafuu, tukiwamo sisi tunaokaa viti vya mbele. Mwajiri anayekata mchango wa NSSF kwenye mshahara wa wafanyakazi wake na asiupeleke, kisha siku ya mavuno anatoa sadaka ya shukrani inayotangazwa kwa majina matatu, huyo sadaka yake ina wenyewe. Na wapo waajiri wadogo zaidi, majumbani mwetu. Binti analetwa kutoka kijijini, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, anafua sare za kwaya za baba na mama. Mwisho wa mwezi anaambiwa, "Hela yako nakutunzia." Mwezi wa pili anatunziwa. Wa tatu anatunziwa tena, na siku bibi yake akiugua kijijini ndipo inapogundulika kwamba hakuna kilichotunzwa. Huku jioni, nyumba hiyohiyo inafanya ibada ya familia, binti naye anaitwa sebuleni, anaombewa Mungu amfungulie milango. Kumbukumbu la Torati inataka kibarua maskini apewe ujira wake siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana. Maana yake binti naye anaomba. Sijui tunadhani dua ya nani itatangulia kufika.

Kuna vitu havirudishiki kwa mkono, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwenye mali amekufa. Basi ana watoto. Torati ilikwishaliona hilo, ikaelekeza apewe ndugu wa karibu, na akikosekana apelekewe kuhani, pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano. Na jina la mtu ulilolichafua? Hilo ni gumu kuliko fedha, sibishi. Lakini kama ulilichafua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kundi bado lipo, na watu wale wale bado wanasoma. Andika palepale kwamba ulichosema juu ya shemeji hakikuwa kweli. Kumwomba msamaha Mungu chumbani kwa jambo ulilolisema mbele ya watu 60 ni kumwacha shemeji na aibu yake wewe ukiondoka na amani.

Sina shaka kwamba Mungu hujibu maombi. Nadhani mara nyingi ameshajibu, na jibu lenyewe ni jina la mtu linalokujia kila unapofumba macho, nawe unalifukuza ukidhani ni shetani anakuvuruga usiombe vizuri.

Ijumaa hii makanisa mengi yatakuwa na mkesha, na nakusihi uende. Lakini kama kuna binti nyumbani kwako anayekudai mshahara wa miezi mitatu, mlipe kabla hujavaa kitenge chako. Na kama huna yote, kaa naye jikoni mpige hesabu, umpe uliyonayo, na iliyobaki mwandikiane tarehe. Mkesha unaanza saa nne usiku. Muda upo.