Usingizi wa Mtu Mwingine

Jumamosi alfajiri napanda basi pale Mbezi kwenda Tanga. Wiki mbili, simu nimezima. Sisi tunaojiajiri kwa brashi hatuna bosi wa kutusainia fomu ya likizo. Likizo yetu huja pale picha inapopata mnunuzi. Safari hii imepata. Kila nikikaribia kusafiri huwa najiandikia nilichosoma, nilichotazama na nilichofanya wiki hiyo, ili nisiondoke na kichwa kilichojaa takataka. Ila wiki hii mambo hayo matatu yamegongana kwenye swali moja: mtu aliyekupa wazo la kazi yako bila mwenyewe kujua kwamba amekupa, anakudai nini?

Nianze na picha yenyewe. Karakana yangu ni chumba kimoja Mwananyamala, nyuma ya fundi cherehani. Upande wa pili wa njia yupo mama lishe ambaye nakula kwake karibu kila siku. Siku moja, miezi miwili iliyopita, mnamo saa tisa alasiri, wateja wakiwa wameisha, nilimkuta amelala kwenye benchi. Kichwa kimeegemea ukingo wa meza, khanga imeteleza, mwiko bado umo mkononi. Nilitoa penseli nikamchora kwa dakika tano, nikaondoka kimyakimya nisimwamshe. Kisha nikakaa na mchoro ule wiki tatu, nikaufanya picha ya rangi ya mafuta. Nikaiita "Mapumziko".

Mnunuzi ana nyumba ya wageni. Aliiona, akasema inatuliza, anataka kuitundika sebuleni. Tukakubaliana shilingi 800,000. Nauli, zawadi za nyumbani na kodi ya miezi miwili vimo humo.

Jumatatu nilikuwa narudia kusoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950. Kinachonigusa kila nikikisoma kitabu hicho ni jambo dogo: kabla Siti hajafariki, Shaaban Robert alipata kukutana naye na kuzungumza naye. Yaani alimwendea mwenye maisha yake. Angeweza kuandika kwa sifa zilizokuwa zimezagaa pwani nzima, na nani angemlaumu? Lakini alikaa naye, akamsikiliza, ndipo akaandika.

Nikafunga kitabu, nikaangalia ng'ambo ya njia. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nimekula kwake mwaka wa pili huu, sikuwa nimewahi kumwambia kwamba amekaa kwenye turubai langu.

Nilijitetea haraka, kama tunavyojiteteaga wote. Hoja ya kwanza: sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki aliyeibuni kazi, na aliyeibuni ni mimi. Mkono wangu, rangi yangu, usiku wangu. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana haisaidii. Sheria inajibu nani anaweza kuuza. Swali langu ni namna gani nitapita mbele ya meza yake nikishauza.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na ilitoka kwa Siti huyohuyo. Wimbo wake wa Kijiti unahusu tukio la kweli: mwanamke mgeni aliuawa Unguja, na muuaji akatorokea bara. Marehemu hakuombwa ruhusa, asingeweza kuombwa. Na muuaji je, naye aombwe? Kama kila msanii angesubiri kibali cha anayemtaja, wenye nguvu wangekuwa salama milele na waliodhulumiwa wangezikwa mara mbili. Kwa hiyo ruhusa haiwezi kuwa kipimo cha kila kazi. Hapo nikapumua, nikaona nimepona.

Jumanne usiku nilitazama tena Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, Yasmin aliyekimbia ndoa, Denge na wenzake wa harakati. Safari hii niliangalia nyuso tu. Nikawaza: mwandishi wa riwaya ana bahati. Yasmin hana mlango wa kugonga. Ametengenezwa kwa vipande vya watu wengi, na hakuna atakayesimama sokoni aseme huyu ni mimi. Mimi nimechora mwili mmoja, kovu moja la mafuta kwenye kiganja, khanga moja ambayo mtaa mzima unaijua. Nikiuita ubunifu mtupu nitakuwa najidanganya.

Nikamkumbuka na Tingatinga, maana huwezi kuchora Dar es Salaam bila kumkumbuka. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa vipande vya mbao za hadibodi na rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu. Miaka minne tu ya kazi! Jina lake leo ni jina la mtindo mzima, linauzwa hadi Japani na Ulaya. Wengi wanakula kupitia kwake bila kumuuliza, na hawawezi tena. Ila jina lake limebaki pale pale mbele. Picha yangu mimi ina jina langu kwenye kona ya chini kulia, na la mama halipo popote.

Nikaona pia kwamba ile hoja ya Kijiti ilikuwa haikuja kunisaidia. Siti alimwimba aliyenyang'anywa sauti, akamsimamia. Mama wa ng'ambo ya njia hakunyang'anywa sauti na mtu. Anaongea siku nzima! Sikumuuliza kwa sababu moja tu: niliogopa atasema hapana.

Jumatano mchana nikavuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umewahi, wali haujaiva."

Nikamwambia nina kitu nataka akione. Akafuta mikono, akanifuata hadi karakana. Alisimama mbele ya picha kimya muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau: aliivuta khanga yake kichwani akaiweka sawa, kana kwamba anajitazama kwenye kioo.

"Kumbe nilikuwa hivi," akasema. Kisha akauliza, "Umeiitaje?"

"Mapumziko."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Siku hiyo naikumbuka. Nililala hospitali na mjukuu usiku kucha, asubuhi nikaja moja kwa moja hapa. Hayo siyo mapumziko. Nilizidiwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo au hapana. Sikujiandaa kusikia kwamba nimekosea. Wiki tatu nimepaka utulivu juu ya uso wa mtu aliyekuwa ameanguka kwa uchovu, na mteja akaja akanunua utulivu huo. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho vitabu vyote vya wiki havikunipa. Nilidhani kuuliza ni adabu, kitu cha kuongeza baada ya kazi kukamilika. Kumbe kuuliza ni sehemu ya kuona. Jicho langu liliona mwiko, khanga na kivuli cha saa tisa, vyote sawasawa. Usiku uliotangulia halikuuona, na usiku huo ndio uliokuwa picha.

Basi, ningeishia hapo ningetoka mwema. Lakini aliuliza swali moja zaidi.

"Umeuza bei gani?"

"Laki nne," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka laini, bila kigugumizi. Naye akafurahi kwa moyo wote: "Mungu akubariki. Si haba, nyumbani watakula wali kwa kuku." Akarudi kwenye sufuria zake.

Usiku ule sikushika brashi. Kama kweli niliamini pesa ile ni yangu yote, kwa nini niliipunguza? Anayejua mali ni halali yake huitaja bei hata kwa majivuno. Nadhani uongo wangu ulijua jibu kabla mimi sijakubali kulitamka. Unaweza kubishana na sheria, na Shaaban Robert, na Siti. Kubishana na ulimi wako mwenyewe ni kazi.

Alhamisi nilimpigia mnunuzi nikamwambia picha imebadilika jina, sasa inaitwa "Zamu ya Usiku". Akanyamaza, kisha akasema jina hilo ni zito, wageni wake wanakuja kupumzika. Tukavutana. Mwisho alikubali kwa 700,000. Laki moja imekwenda kwa maneno matatu, nami sitadai kwamba haikuniuma.

Ijumaa, yaani leo, nimevuka tena nikamwambia mama ukweli: bei, uongo, na punguzo. Nilitegemea anune. Akacheka hadi akashika meza. "Kumbe nililala usingizi wa gharama!" Halafu akavuta lile daftari lake la madeni, akalifungua kwenye ukurasa wangu. "Haya, kabla hujaniletea mengine, lipa hili kwanza." Sahani za mwezi mzima, shilingi 46,000. Nilikuwa nimeumiza kichwa wiki nzima juu ya deni la picha, na deni la wali nilikuwa nimelisahau.

Nimelipa. Kisha nikampa laki mbili. Hakukataa, wala hakushukuru sana, na naona alifanya vizuri, maana haikuwa sadaka. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Sina kanuni ya kumpa msanii mwingine. Sijui kama ni theluthi, au robo, au jina kwenye kona ya turubai. Yapo ya kuchora bila kuuliza, hasa pale anayeulizwa ni mwenye rungu. Lakini nikiona ninakwepa kumuuliza mtu ambaye nakula mezani kwake, hiyo itakuwa dalili yangu tangu sasa. Na nikiulizwa bei nikaona ulimi unaipunguza, nitajua nimeshika cha mtu.

Begi lipo mlangoni. Nabeba kile kitabu cha Siti, na daftari la michoro pia, ingawa nilijiapiza nisilibebe. Nilipokwenda kumuaga mama alinieleza mpango wa pesa yake: Jumatatu na Jumanne anafunga biashara.

"Nitalala kwangu," akasema, "mlango nimefunga. Na wewe usije na penseli."