Limuru, Ardhi ya Ngũgĩ

Msafiri anayepanda kutoka Nairobi hadi Limuru, penye ukungu wa asubuhi na mashamba ya chai, huingia katika ardhi iliyozaa riwaya za Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa huko mwaka 1938, ambako swali la nani anamiliki shamba na nani ni kibarua tu halikubuniwa na mwandishi. Panapostahili kutuliwa zaidi ni kijijini Kamĩrĩĩthũ, kwa kuwa hapo mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi wa wazi, yaani usio na paa, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ambayo Ngũgĩ alishiriki kuiandika, kwa Kikuyu, lugha yao wenyewe. Kwa sababu ya tamthilia hiyo Ngũgĩ akawekwa kizuizini, yaani akafungwa bila kushtakiwa. Na mwaka 1982 serikali ikaubomoa ukumbi huo.