Uzito wa Mja Mzito ni Amana



Ndugu zetu wa Majoreni na wa pwani yote, twapenda kuwakumbusha jambo lililomo majumbani mwetu. Bado husikika mja mzito akiambiwa: "Usile sana, mtoto atakuwa mkubwa akushinde kuzaa." Na mayai hukatazwa kabisa. Twauliza: neno hili limetoka wapi? Halimo katika Qur'ani wala katika Sunna, wala matabibu hawalijui. Bali Qur'ani yatueleza kuwa Bibi Maryamu, uchungu ulipomshika chini ya mtende, aliamrishwa ale tende mbivu na anywe maji. Hakuambiwa ajinyime.

Matabibu nao wamepima. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilieleza mwaka 2009 kuwa mwanamke mwenye uzito wa kadiri yafaa aongezeke kilo 11.5 hadi 16 mpaka kujifungua. Mwembamba mno, kilo 12.5 hadi 18. Aliyenenepa, kilo 7 hadi 11.5, na mnene mno, kilo 5 hadi 9. Asiyefikia kadiri yake huchelewa kuwa atazaa kabla ya wakati, au atazaa mtoto wa chini ya kilo 2.5, na mtoto huyo hudhuriwa upesi na baridi na maradhi. Apitaye kadiri naye huchelewa kuwa atazaa mtoto mkubwa mno, uzazi ukawa mgumu. Basi dini na tiba zimekutana: kula pasi na israfu.

Lakini lawama si ya wanawake peke yao. Mja mzito hawezi kula asichopewa, na masurufu yake ni wajibu wa mume. Ni aibu iliyoje, bahari iko mlangoni petu, samaki wote wakauzwa, na mama mwenye mimba akabaki na ugali mtupu! Mpeni samaki, kunde, mchicha, maziwa na mayai. Mwezi wa Ramadhani, akichelea nafsi yake au mwanawe, sharia imemruhusu kula, akalipa baadaye kama walivyoeleza wanavyuoni. Na mumpeleke kliniki mapema, apimwe uzito kila aendapo.

Mtoto ni amana tangu yumo tumboni, na amana ina hisabu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza. Amin.