Inkisari ya Picha

Ukikaa na wapiga picha wa ndege hata nusu saa tu, utazisikia kanuni zao zote. Jicho la ndege lazima lionekane wazi. Mengine yakififia si neno. Usimweke katikati ya fremu kama picha ya pasipoti. Mwachie nafasi upande anaotazama, ili aonekane ana pa kwenda. Shuka ulingane naye, hata kama ni kulala kifudifudi kwenye tope. Ukirudi nyumbani, fungua kompyuta, ukate: tawi lililojipenyeza pembeni, ndege wa pili aliyetokeza mkia peke yake, anga tupu isiyosema kitu.

Sina ugomvi na hayo. Mimi ni mwandishi wa habari, nakata maneno ya watu kila siku. Mtu anaongea nami saa nzima, gazetini anatokea na sentensi mbili. Lakini kuna mkato mmoja unaonisumbua.

Rafiki yangu mpiga picha alinionyesha picha ya korongo marabu, yule mwenye kipara na mfuko shingoni, aliyempiga Dandora, kwenye jaa kubwa la taka la Nairobi. Picha imekaa sawa ajabu. Ndege kasimama kushoto, anatazama kulia, mwanga wa asubuhi umempiga bawani, nyuma yake ukungu mwepesi. Nikamwomba nione ile nzima. Ukungu ulikuwa moshi wa taka. Chini, palipokatwa, kulikuwa na mifuko ya plastiki, na hatua tatu hivi kutoka kwa ndege, mama mmoja ameinama anachambua chupa.

"Sasa hii nani atanunua?" akaniuliza. Jibu la kibiashara sikuwa nalo.

Ubaya uko wapi? Hakuongeza kitu, hakubadilisha rangi. Kila alichobakiza kilikuwepo. Bado picha ile inaniambia kwamba huyu ndege yuko kwake, porini, mbali nasi. Wapi! Marabu wa Nairobi wanaishi kwetu. Wanajenga viota kwenye migunga ya kando ya barabara karibu na uwanja wa Nyayo, magari yakipita chini, na wanakula tunachotupa. Tukisema "ndege katika makazi yake", basi jaa ni sehemu ya makazi hayo, na yule mama ni jirani yake.

Washairi wetu wana neno linalonisaidia hapa: inkisari. Neno likizidi mizani, mshairi analifupisha. "Aliyenipa" inakuwa "alonipa". Hakuna anayemwita mwongo, kwa sababu msomaji analirudisha neno zima kichwani bila kuhangaika. Naona mkato wa picha nao tuupime hivyo. Ukiukata mkia wa yule ndege wa pili, hujaninyima kitu. Anga ukiipunguza, anga naijua. Ila ukiliondoa jaa na mtu, ukaniachia moshi niuone kama ukungu, hakuna njia yoyote ya mimi kuvirudisha. Hapo hujafupisha neno, umeandika neno jingine.

Mambo haya si ya kamera pekee. John James Audubon, ambaye The Birds of America yake ilitoka kati ya 1827 na 1838, aliwachora ndege kwa ukubwa wao halisi. Aliwapiga risasi kwanza, kisha akawafunga kwa waya wakae kama walio hai. Karatasi yake ilikaribia urefu wa mita moja, na bado heroe, ambaye wengi tunamwita flamingo, hakuenea. Ikabidi ashushwe shingo mpaka kichwa kikakaribia miguu. Ni kweli heroe hula akiwa ameinamisha kichwa namna hiyo. Lakini siku ile aliyemwinamisha ni karatasi.

Halafu kuna Nick Brandt. Mwaka 2013 picha zake za Ziwa Natron zilienea duniani: ndege waliokufa na kukaushwa na magadi, aliowaokota ufukweni akawaweka juu ya matawi kana kwamba wametua. Mwenyewe alieleza wazi alivyofanya. Lakini picha zilivyozunguka mtandaoni, maelezo yaliachwa njiani, na Natron ikawa ziwa linalogeuza viumbe kuwa mawe papo hapo. Ziwa hilohilo ndilo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakokwenda kutaga kwa makundi makubwa! Mpiga picha hakudanganya. Waliokata ni sisi wa vyombo vya habari, na tulichokata hakikuwa hata ndani ya picha.

Tuwe wa haki, upande wa pili una hoja nzito. Ndege akiwa mdogo kwenye fremu, una njia mbili: umwendee, au umkate baadaye. Kukata kuna gharama: picha ya pikseli milioni 24 ukiipunguza nusu upana na nusu urefu, unabaki na milioni 6. Kusogea nako kuna gharama, ila hiyo analipa ndege. Heroe wakishtushwa wakati wa kutaga wanaweza kuacha viota. Kwa hiyo picha ambayo haijakatwa hata kidogo, ile mtu anayojivunia, inawezekana imegharimu vifaranga.

Yupo pia anayekata kwa makusudi mlima au kibanda kinachotambulisha mahali, ili kiota cha ndege adimu kisivamiwe na kila mwenye simu. Hapo kipimo changu cha inkisari kinayumba, maana mlima ule nao siwezi kuurudisha. Lakini mlima ukifichwa, nabaki sijui ndege anaishi wapi. Jaa likifichwa, nimeambiwa anaishi pengine. Wa kwanza ananinyima habari, na namshukuru. Wa pili ananipa habari ya uongo.

Nakuru ndiko mkato unakofanya kazi kubwa kuliko kote. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda, ukali wa magadi ukapungua, na mwani anaoutegemea heroe mdogo ukapungua pia. Wengi walihamia Bogoria na kwingineko. Wanarudi kwa vipindi. Picha za waridi hazijapungua, lakini. Kundi la heroe mia moja, ukilikata mpaka lijae fremu ukingo kwa ukingo, halina tofauti na kundi la laki moja. Kilichoondolewa ni maji matupu tu, na maji hayo matupu ndiyo habari ya Nakuru: maji, migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani yake, na mnandi waliotua juu ya matawi makavu.